Tanga Kuu Linashukaje?

Muuzaji wa yoti hukuonyesha tanga likipanda. Ni asubuhi, mko gatini, bahari shwari. Anabonyeza kitufe, na tanga kuu linachomoza kutoka ndani ya mlingoti na kujitandaza hadi mwisho wa bumu bila mtu kuinuka kitini. Mnunuzi anaulizia bei. Sijasikia muuzaji aliyemchukua mteja wake saa nane usiku, upepo wa noti 30 ukitoka tezini, betri zikiwa hoi, akamwambia: haya, sasa lishushe. Lakini suala zima la kuchagua mtambo wa tanga kuu limelala hapo hapo. Kutweka ni kazi ya hiari. Ukichoka unaahirisha, ukiona upepo haueleweki unabaki na tanga la mbele peke yake. Kupunguza na kutua hakuna hiari, kwani hapo anayepanga saa ni bahari.

Nazungumzia yoti za kusafiria, zile za futi 30 hadi 50, zinazovuka bahari na watu wawili ndani, mara nyingi mume na mke waliokwisha kustaafu, wakipokezana zamu: mmoja usukanini, mwenzake usingizini. Boti ya mashindano ina vijana wanane wa kutupia kamba, kwa hiyo matatizo yake ni mengine.

Kuhusu tanga la mbele watu wamekwisha kuafikiana. Karibu kila yoti ya kusafiria leo inaliviringisha kwenye waya wa omo kwa kamba moja, na mjadala umeisha. Tanga kuu ndilo lililobaki na ubishi, na ubishi huo una sababu. Limeshikwa pande mbili, mbele na mlingoti, chini na bumu, yaani ule mti mlalo, siku hizi wa aluminiamu, unaobembea juu ya vichwa vya watu. Likijaa upepo wa nyuma linalalia nyaya za pembeni za mlingoti na kung'ang'ania hapo. Tena bumu lenyewe na demani yake, yaani kamba ya kulivutia na kulilegezea, ni silaha. Mwezi Juni 2022, katika yoti iitwayo Escape iliyokuwa njiani kutoka Bermuda kwenda Halifax, Nova Scotia, watu wawili walipoteza maisha kwa majeraha ya demani ya tanga kuu katika upepo mkali. Ilikuwa boti kubwa, ya kisasa, yenye mitambo ya kila namna.

Tatizo linakuzwa na hesabu moja ambayo macho hayaioni. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake, inapanda kwa mraba wa kasi. Chukua yoti ya futi 40 yenye tanga kuu la mita za mraba 40. Kwa hesabu ya haraka, upepo wa noti 20 ukilikabili sawasawa unalisukuma kwa uzito wa kilo 260 hivi. Ukifika noti 28 msukumo unapita kilo 500. Mtu anayekwenda na upepo wa nyuma huenda asilitambue ongezeko hilo mapema, maana kasi ya boti yenyewe inapunguza upepo unaomgusa shingoni. Anapogeuza omo ndipo anapojua.

Mabaharia wa mwambao wetu walilijibu tatizo hili kwa watu. Tanga la jahazi kwa desturi halipunguzwi, hubadilishwa. Upepo ukizidi, foromali, ule mti unaobeba tanga, inashushwa, tanga kubwa linafunguliwa, dogo linafungwa mahali pake, kisha foromali inapandishwa tena kwa henza, yaani kamba ya kutwekea, na nyimbo. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, kutoka Aden hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, aliishuhudia kazi ya namna hiyo ikifanywa na mabaharia zaidi ya ishirini. Ni mfumo usio na kasoro kwa chombo chenye wanaume ishirini. Kwa chombo chenye watu wawili, mmoja wao amelala, ni balaa.

Huko Bristol Channel, Uingereza, marubani wa meli walikuwa na tatizo la kinyume chake. Rubani akishapanda kwenye meli aliyoifuata, mashua yake ilirudishwa na mtu mmoja na kijana wake, hata majira ya baridi, katika maji yenye mikondo mikali. Ndiyo maana baadhi ya mashua hizo zikafungwa bumu la kuzungushwa kwa gia: unazungusha mpini, tanga linajiviringa kwenye bumu, eneo linapungua. Mtambo huo ulienea kwenye yoti za kawaida hadi miaka ya 1960, kisha ukaachwa kwa sababu ya umbo la tanga. Lililozungushwa hivyo hufanya tumbo wakati ule ule unaolihitaji liwe bapa, na ncha ya bumu huinama hadi kukaribia vichwa vya watu. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya mwaka 1895 na 1898, alitumia njia iliyo wazi zaidi. Alikata. Bumu la Spray lilivunjika akikaribia Pernambuco, akalifupisha. Alipofika Buenos Aires akaupunguza mlingoti wenyewe futi 7. Baadaye akaongeza mlingoti wa galme nyuma. Sioni aibu yoyote katika ufumbuzi huo. Yoti nyingi za leo zimepewa tanga kuu kubwa kuliko linavyohitajika na watu wanaozisafiria, kisha zinauziwa mitambo ya kulidhibiti.

Njia inayohesabiwa kuwa ya kawaida sasa ni ya mikunjo. Tanga linakuwa na safu mbili au tatu za pete zilizoshonwa, moja juu ya nyingine, na kila safu ni ngazi ya kupunguzia. Tuitazame kwa karibu, maana mitambo mingine yote inauzwa kwa madai kwamba inaiondoa kazi hii.

Upepo umefika noti 24, umeamua kuchukua mkunjo wa kwanza. Unalegeza demani hadi tanga lianze kupigapiga, lakini boti inaendelea kutembea kwa tanga la mbele. Si lazima uikabilishe omo moja kwa moja na upepo. Unaachia henza mpaka alama uliyoishona juu ya kamba ifike kwenye klachi, kile kibano cha kamba. Pete ya ukingo wa mbele inashuka hadi penye kulabu, pale bumu linapoungana na mlingoti, nawe unaivisha. Unakaza henza upya, na unaikaza kweli kweli, mpaka ukingo wa mbele usimame wima. Sasa unavuta kamba ya kupunguzia, ile inayotoka mwisho wa bumu, inapanda hadi pete ya ukingo wa nyuma, inashuka tena, kisha inapita ndani ya bumu hadi kwenye winchi. Pete ya nyuma inashuka na kubanwa juu ya bumu. Unarudisha demani, boti inainuka, shikio linakuwa jepesi mkononi. Kwa watu waliozoea ni kazi ya dakika mbili tatu. Nguo inayoning'inia katikati ina vitobo vya kuifungia, ila havibebi mzigo. Wengi huiacha hivyo hivyo hadi asubuhi.

Mpangilio wa hatua hizo ndio unaowashinda watu kuliko nguvu. Anayevuta kamba ya nyuma kabla henza haijakazwa anavuta tanga lote liende nyuma na kulichana penye kulabu. Anayesahau kulegeza demani anapigana na upepo kwa winchi. Lakini kila hatua inaonekana kwa macho. Kitu kikikwama unakiona kimekwama wapi, na unaweza kukifikia. Na kubwa kuliko yote, henza ikishaachiwa, uzito wa tanga wenyewe unavuta chini. Tanga la mita za mraba 40 la dakroni nene ya gramu 340 kwa mita moja ya mraba lina kilo 14 za kitambaa kitupu, kabla hujahesabu mbavu, yaani fito zinazolinyoosha, pete na viraka vya pembeni. Uzito huo ulikuwa mzigo wakati wa kutweka. Wakati wa kutua unakufanyia kazi.

Ubishi mkubwa kati ya watumiaji wa mikunjo ni mahali pa kusimama. Wengine wanaacha henza na kamba zote pale mlingotini, mtu avae mkanda wa usalama na kwenda huko. Wengine wanazirudisha zote kwenye kokpiti ili mtu asitoke nje. Hoja ya pili inavutia, na viwanda vimeitikia kwa kamba moja inayovuta pete ya mbele na ya nyuma kwa pamoja: unaachia henza, unavuta kamba moja, basi. Tatizo ni msuguano. Kamba hiyo inapinda kwenye roda au kapi mara nane au zaidi kabla ya kufika winchini. Tuseme kila kapi zuri linakula asilimia 5 ya nguvu yako. Baada ya makapi nane umebaki na theluthi mbili. Tuseme makapi yamezeeka, yana chumvi, kila moja linakula asilimia 10. Umebaki na asilimia 43. Halafu kuna urefu. Mkunjo wa tatu unashusha tanga labda mita 6, na kamba inapita mara mbili mbele na mara mbili nyuma, kwa hiyo unatakiwa kuvuta mita 24 za kamba gizani. Ndiyo maana boti nyingi zenye kamba moja zina mikunjo miwili tu, na ule wa tatu, wa siku mbaya kuliko zote, haukufungwa kabisa. Kwangu mimi hiyo ni kasoro kubwa kuliko kutembea hatua nne hadi mlingotini. Anayetaka kubaki kwenye kokpiti na awe na kamba mbili kwa kila mkunjo, moja ya mbele, moja ya nyuma. Kokpiti itajaa kamba, lakini zitavutika.

Mambo madogo yanayozunguka mikunjo yanabadilisha kazi kuliko watu wanavyodhani. Kamba za kudakia, zinazoshuka kutoka mlingotini hadi pande mbili za bumu, zinalizuia tanga lisimwagike sitahani. Chini yake hufungwa mfuko wenye zipu, na mtu hufunga tanga bila kulikunja. Kero yake ni kwamba mbavu hunasa kwenye kamba hizo wakati wa kutweka kama omo haijaukabili upepo sawasawa. Wamarekani wana mfumo wa Dutchman, wenye nyuzi za wima zilizopitishwa kwenye tanga lenyewe, likishuka linajipanga mikunjo kama pazia. Ni mzuri, ila kila ukipeleka tanga kwa fundi lazima uvue nyuzi zote. Kitu ambacho ningekinunua kabla ya kingine chochote ni reli: vipande laini vya plastiki ngumu au vigari vya gololi vinavyopanda na kushuka mlingotini. Kwenye boti yenye vishikizo vya zamani vinavyosuguana na mfereji wa aluminiamu, tanga halishuki upepo ukiwa nyuma. Boti ile ile ikifungwa reli nzuri, tanga linashuka hata likiwa limelalia nyaya. Watu wanatumia fedha mara kadhaa ya bei ya reli kununua mlingoti mpya kwa tatizo ambalo reli ingelimaliza.

Wazo la kulificha tanga ndani ya mlingoti lilipata umaarufu miaka ya 1970 kupitia Ted Hood, fundi wa matanga wa Marblehead, Massachusetts, yule yule aliyeshika usukani wa Courageous ilipotetea Kombe la America mwaka 1974. Mlingoti wake aliuita Stoway. Leo mlingoti wa aina hiyo umeenea kiasi kwamba katika viwanda vingi vya Ulaya vya yoti za kusafiria anayetaka mikunjo ndiye anayeonekana mwenye mambo yake.

Ndani ya mlingoti kuna ufito wa aluminiamu unaozunguka, na ukingo wa mbele wa tanga umeingizwa kwenye mfereji wa ufito huo. Ufito ukizungushwa, kwa kamba au kwa mota, tanga linajiviringa na kuingia kupitia ufa ulio nyuma ya mlingoti. Kulitoa ni kuvuta pembe yake ya nyuma kuelekea mwisho wa bumu. Kupunguza ni kulegeza kamba moja na kuvuta nyingine, kwa kiasi chochote unachotaka, bila ngazi ya kwanza wala ya pili. Na hapa lazima mtetezi wa mikunjo akubali jambo: upepo ukiwa nyuma, mtambo huu ukiwa mzima, hakuna unaoushinda. Huigeuzi boti kwenye mawimbi. Unalegeza kidogo hapa, unavuta kidogo pale, tanga linapungua huku chombo kikishika njia yake. Matokeo yake ni kwamba watu hupunguza mapema, kwa sababu hakuna anayeona uvivu wa kufanya kazi ya nusu dakika.

Gharama inajulikana. Tanga la kuviringisha haliwezi kuwa na mbavu za mlalo, kwa hiyo ukingo wake wa nyuma hukatwa kwa kuingia ndani badala ya kutoka nje, na linapoteza sehemu ya kumi au zaidi ya eneo ambalo tanga lenye mbavu lingekuwa nalo. Mbavu za wima zinarudisha kiasi, na kuongeza vitu vya kukwama. Mlingoti ni mzito zaidi, tena uzito uko juu. Na siku ya tufani tanga lote linabaki limesimama ndani ya mlingoti badala ya kulala kwenye bumu. Bandarini, upepo wa ubavuni ukipita kwenye ule ufa, mlingoti unapiga mluzi usiku kucha. Majirani hawatakupenda.

Hayo yote yanavumilika. Lisilovumilika ni kukwama, na inafaa kuelewa kunatokeaje, kwa sababu wengi husema tu kwamba mtambo ni mbovu. Tanga jipya ni bapa kiasi na linaviringika vizuri. Baada ya misimu kadhaa ya jua na upepo kitambaa kinanyooka katikati, tumbo linakua. Sasa liviringishe: juu na chini pamebana, lakini katikati kuna nguo ya ziada isiyo na pa kwenda, nayo inajikunja mshazari. Mkunjo huo unaingia ndani ukiwa umelalia mizunguko mingine, mnene kuliko nafasi ya ufa. Kuingia uliingia kwa kuwa ufito ulikuwa unauvuta kwa nguvu zake zote. Siku ya kutoka unavutwa na pembe moja tu ya nyuma, unakutana na mdomo wa ufa, unajikaba. Ukizidisha winchi unaukaza zaidi. Dawa ni kuliviringisha tena kidogo, kutoa, kurudisha, kutoa, mmoja wenu akiwa mlingotini analivuta kwa mkono.

Mambo mengine yanafanya kazi ile ile hata kwa tanga jipya: bumu lililoinama au kuinuka kupita pembe yake, henza iliyolegea, waya wa nyuma uliokazwa hadi mlingoti ukapinda, au tanga lililoviringishwa bila kushikwa nyuma kwa mvuto mdogo. Kwa hiyo huu si mtambo wa watu wavivu, ijapokuwa unauzwa hivyo. Unahitaji nidhamu: bumu lina alama yake, waya wa nyuma unalegezwa kwanza, kamba ya nyuma haiachiwi ovyo. Na mota ni hatari ya pekee, kwa kuwa haina vidole vya kuhisi kwamba kitu kimebana. Inaendelea kuvuta hadi kitu kichanike au fyuzi ikatike.

Kukwama wakati wa kutoa ni karaha, unasafiri na tanga la mbele. Kukwama katikati ya kupunguza ni jambo jingine. Tanga hili hutolewa kwenye ufito likiwa limefunguliwa lote tu. Likikwama nusu ndani nusu nje, haliingii, halitoki, halishuki. Hapo ndipo penye tofauti ya msingi na mikunjo: kwa kawaida lile la kuviringisha ni rahisi zaidi kulipunguza, lakini siku likikataa halina njia ya pili.

Mnunuzi wa boti iliyotumika asibabaishwe na umri wa mlingoti. Aangalie umri wa tanga. Mtambo wa miaka 20 wenye tanga jipya lililo bapa unafanya kazi. Mtambo wa miaka mitano wenye tanga lililovimba unakwama. Alifungue lote, alitazame kutoka chini likiwa na upepo, aone tumbo liko wapi, kisha aombe kuliviringisha kwa mpini wa mkono, si kwa kitufe.

Kuviringisha ndani ya bumu kunaonekana kuwa suluhisho la kila kitu, na kwa maandishi ni hivyo. Tanga linabaki na mbavu zake za mlalo na ukingo wa nyuma uliojaa, uzito unakuwa chini, na mtambo ukigoma unaachia henza tanga lishuke sitahani kama lolote lile. Kwa kipimo changu cha kushuka, hapo limefaulu. Linapofeli ni kwenye pembe. Bumu lazima lisimame na mlingoti karibu pembe mraba, kwa kadirio la digrii moja au mbili. Likikosea, tanga linaviringika kuelekea mbele au nyuma, na ukingo wake wa mbele unajirundika na kuchanika pale unapoingilia mferejini. Unahitaji nguzo imara ya mshazari ya kulishika bumu, unahitaji omo ikaribie upepo, na mara nyingi unahitaji winchi ya umeme kwa sababu msuguano ni mkubwa. Bei yake ndiyo ya juu kuliko zote. Nimeona wenye boti za futi 55 wakiufurahia, na kwa ukubwa huo hoja yao ina uzito, kwa sababu tanga lao likidondoka lote sitahani linawashinda watu wawili kulibeba. Chini ya futi 45 naona ni fedha nyingi kwa usumbufu mwingi.

Kuna njia ya kukwepa mjadala wote: usiwe na tanga kuu kubwa. Henri Amel wa La Rochelle, Ufaransa, alijenga jina la kiwanda chake juu ya wazo hilo. Super Maramu, yoti yao ya futi 53 hivi iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, ina milingoti miwili. Eneo limegawanywa kati ya tanga kuu na la galme, na tanga kuu, la kuviringisha kwa umeme ndani ya mlingoti, ni dogo kuliko lile la yoti ya mlingoti mmoja yenye urefu huo. Upepo ukichacha unaliondoa tanga kuu kabisa na kubaki na la omo na la galme, chombo kikiwa bado na mizani yake. Ni ufumbuzi wa Slocum ukiwa na mota.

Mwingine ni wa Wachina. Mwingereza Blondie Hasler aliiwekea Jester, boti ya futi 25, tanga la kichina lenye mbavu nzima kutoka mbele hadi nyuma, akashiriki mashindano ya mwaka 1960 ya kuvuka Atlantiki peke yake, akafika New York kwa siku 48, wa pili nyuma ya Francis Chichester. Kupunguza tanga la kichina ni kuachia henza, basi. Mbavu zinalaliana zenyewe, na upepo ukitoka upande wowote linashuka. Ukilipima kwa kushuka peke yake, hakuna mtambo wa kisasa unaolifikia. Linakwenda vibaya kidogo kwenye kubisha, halina soko la kuuzia boti, na mafundi wake ni wachache. Ndiyo maana limebaki kwa watu wanaojijengea wenyewe.

Katamarani ina jambo lake moja linalotosha kutajwa: hailali. Yoti ya kawaida ikizidiwa na upepo inainama, vikombe vinaanguka, kila mtu anajua. Katamarani inabaki imenyooka huku mzigo ukipanda hadi kwenye mlingoti na nyaya. Kwa hiyo nahodha wake hupunguza kwa kusoma namba kwenye kipima upepo, kwa jedwali la mtengenezaji, na karibu zote hutumia mikunjo, kwa sababu tanga lao pana lenye mbavu ndefu haliingii ndani ya mlingoti.

Hapa kwetu mizani inabadilika kidogo. Anayepandisha kutoka Mayotte au Comoro kuja Mafia, Tanga au Kilifi wakati wa kusi anakuwa na upepo wa tezini kwa siku kadhaa, noti 20 hadi 25, na mkondo unaokwenda kaskazini pamoja naye. Hiyo ni hali inayomfaa sana mwenye tanga la kuviringisha mlingotini, na inayomtesa mwenye mikunjo asiye na reli nzuri. Lakini jua la Ikweta linapindua hesabu hiyo. Linachosha dakroni haraka, na dakroni iliyochoka, tumeona, ndiyo inayokwama. Halafu kuna suala la fundi. Tanga la mikunjo lililochanika linaweza kushonwa na mtu yeyote mwenye cherehani imara na uzi mzuri, na mwambao huu una watu walioshona maradufu maisha yao yote. Hawana haja ya kufundishwa namna ya kutia kiraka kwenye pembe inayobeba mzigo. Beringi ya ufito iliyokufa kwa chumvi ndani ya mlingoti haina fundi Lamu wala Nungwi. Inasubiri kifurushi, na kifurushi kinasubiri forodha.

Kwa boti ya chini ya futi 38 sioni hoja ya kuacha mikunjo: mitatu, si miwili, reli laini, kamba zibaki mlingotini au ziwe mbili mbili, fedha iliyobaki iende kwenye nanga. Kati ya futi 40 na 50 jibu linategemea mabega ya watu wawili waliomo. Wakiwa na miaka 45 na afya njema, ningewashauri mikunjo ile ile na winchi moja ya umeme ya henza. Wakiwa wanakaribia 70, na mmoja wao ameshaanza kuogopa kutoka kwenye kokpiti, waviringishe ndani ya mlingoti, kwa kamba na winchi ya mkono badala ya mota, na waandike kwenye bajeti tanga jipya kabla lile la sasa halijaonekana limechakaa.